Kamera ya kuanzia: tazama walichopunguza

Msimu wa mahafali ukikaribia hapa Mbeya, vijana wanaotaka kuanza kupiga picha za kulipwa huja na swali moja: kamera hii ina megapikseli ngapi? Kwa maoni yangu hilo ndilo swali la mwisho kuuliza. Canon 4000D ina megapikseli 18, Nikon D3500 ina 24, na kwa picha ya kutundika sebuleni au kurusha WhatsApp zote mbili zinatosha na kubaki. Kamera ya DSLR, yaani yenye kioo ndani na lenzi ya kubadilisha, ikiwa ya bei ya chini imeshushwa bei kwa kuondolewa vitu. Swali la maana ni vitu gani vimeondolewa, na kama kazi yako inavihitaji.

Vingine waache waondoe tu. Skrini ya D3500 haigeuki wala haiitikii kidole, ya 4000D ni ndogo, inchi 2.7, na sioni hasara yoyote. Simama uwanja wa shule pale Uyole saa saba mchana, upepo wa baridi lakini jua linachoma, uone ni skrini gani itakayosomeka. Hapo unaweka jicho kwenye tundu la kutazamia. Unachokiona ni mwanga wenyewe uliopita kwenye lenzi, ukapigwa na kioo, ukakufikia, bila kula umeme wa betri. Ni kweli kwamba kwenye kamera hizi ndogo tundu hilo lina kiza kidogo na linaonyesha asilimia 95 tu ya picha, kwa hiyo mguu wa kiti cha plastiki unaweza kujitokeza pembeni bila wewe kuuona. Utaukata baadaye kwenye kompyuta.

Faida yake ipo kwenye betri. Kwa kipimo cha CIPA, kinachotumiwa na watengenezaji wa kamera, betri moja ya D3500 hupiga picha 1,550, na ya 4000D hupiga 500. Harusi zetu huanzia saluni alfajiri na kuishia ukumbini usiku wa manane, na namba hizo ndizo zinazoamua kama utakuwepo keki ikikatwa. Ukipanda Kitulo au Makete mwezi wa saba, betri itaisha mapema zaidi kwa sababu ya baridi. Ya akiba weka mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, isikae kwenye begi.

Kitu kingine kilichopunguzwa ni gurudumu. Kamera kubwa zina mawili, hizi zina moja. Ukiwa kwenye M, ambako unapanga mwanga mwenyewe, gurudumu linabadilisha kasi ya shata, yaani muda mwanga unaoingia. Ukitaka kubadilisha uwazi wa lenzi, yaani upana wa tundu linalopitisha mwanga, unabana kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, kisha unazungusha gurudumu lile lile. Wiki za mwanzo vidole vinagongana. Baadaye unafanya bila kutoa jicho kwenye tundu, na hapo ndipo mtu anapojua kamera yake. Kitufe hicho hicho, ukiwa kwenye A (Canon huandika Av) au P, ambako kamera inakusaidia kupanga mwanga, kinakuokoa kwa bibi harusi. Shela nyeupe ikijaa kwenye fremu, kamera hudhani mwanga umezidi na kuufifisha, nyuso zetu zikatoka nyeusi tii zisizosomeka. Bana, zungusha upande wa kujumlisha, piga tena. Kazi nyingi za mjini zenye nyuso zilizozama gizani zingepona kwa tendo hilo dogo, na inaniuma kuona familia zinalipia picha za namna ile.

Sasa nije kwenye lile linalonikera hasa. Tazama juu ya kamera, pale pa kupachikia flashi. Kwenye Canon ya kawaida utaona vidoa vya chuma vitano: kikubwa kimoja katikati, na vidogo vinne. Kile kikubwa cha katikati ndicho kinachoiambia karibu flashi yoyote iwake, na kimekuwa hivyo tangu enzi za filamu. Kwenye 2000D na 4000D, zote za mwaka 2018, kidoa hicho hakipo. Flashi za Canon zinawaka. Flashi ya bei nafuu yenye mguso mmoja tu, yaani inayotegemea kidoa hicho cha katikati peke yake, kama Yongnuo YN560 ambayo maelfu ya wapiga picha wamejifunzia kazi, haiwaki, wala triga za bei rahisi za kuwashia taa za studio haziwaki. Mpiga picha wa Sinza, Dar es Salaam, anaweza kutafuta flashi nyingine kesho yake. Kijana wa Tukuyu au Mafinga aliyejinyima msimu mzima wa viazi anabaki na flashi isiyozungumza na kamera yake. Kipande cha chuma cha ukubwa wa punje ya dengu kimeondolewa kwenye kamera ya mtu ambaye ndiye anayekihitaji kuliko wote, maana mwenye pesa alishanunua flashi ya kampuni. Hilo siliiti kupunguza gharama.

4000D imekwenda mbali zaidi: hata pete ya kushikia lenzi ni ya plastiki. Kwa lenzi ndogo inayokuja nayo haina shida. Kwa mtu anayefunga na kufungua lenzi za kuazima kila Jumamosi, mimi nisingeitegemea.

Ndiyo maana nasema, ukikuta Canon 1300D ya mwaka 2016 iliyotumika na kutunzwa, iache 4000D mpya kwenye boksi lake. Megapikseli ni 18 zile zile, lakini pete ni ya chuma, kidoa cha katikati kipo, na skrini ni nzuri zaidi. Ukiwa muumini wa Nikon, D3500 mkononi inashikika kuliko zote hizi, mshikio wake una kina na vidole vyote vinapata pa kukaa, na flashi ya mguso mmoja inawaka. Angalizo ni moja: ndani haina mota ya kusogeza lenzi. Lenzi ya zamani ya 50mm f/1.8D utaiona bei rahisi, lakini utalenga kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake ndani.

Na hiyo lenzi ya 50mm usiicheleweshe. Ile ya 18-55 inayokuja na kamera, ukiivuta mpaka mwisho, uwazi wake ni f/5.6, na namba ikiwa ndogo ndivyo uwazi unavyokuwa mkubwa. Ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Kwenye kumbi zetu zenye taa za zambarau na MC asiyetulia, hiyo ni tofauti ya uso unaoonekana na uso uliojaa chenga. Kwenye sebule ndogo itakubana, utarudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta. Kwa huko bakiza ile ya 18-55. Gizani tumia alama ya katikati kulengea, maana ndiyo yenye uwezo kuliko nyingine kwenye kamera zote hizi.

Ukienda dukani, iwe Mwanjelwa au Iringa mjini, nenda na flashi utakayoitumia, hata ya kuazima. Omba kuipachika kabla hujatoa hela, bonyeza, uone inawaka. Muuzaji akikataa, maduka yapo mengine.