Mche mrefu si lazima uwe mche mzuri

Kwenye vitalu vingi vya miche, kinachosifiwa kwanza ni urefu. Mwenye kitalu humpeleka mgeni kwenye miche inayofika magotini, na mnunuzi naye huikimbilia hiyo hiyo. Mimi kipimo hicho sikikubali hata kidogo. Mwembe au mparachichi ukitunzwa unaweza kuzaa kwa miaka zaidi ya 30, na kitakachoushikilia muda wote huo ni mizizi iliyoanza kujipanga ukiwa bado ndani ya kiriba, yaani kile kifuko cha plastiki cha kulelea mche. Anayeanzisha kitalu ajue kazi yake ni kulea mizizi.

Kwa hiyo kabla ya mbegu, shughulika na udongo. Mfinyanzi mtupu hushikamana, maji yakatuama juu na mizizi ikakosa hewa. Mchanga mtupu haushiki maji, na siku ya kuchana kiriba unamwagika wote, mche unabaki uchi mkononi. Mchanganyiko unaotumika sana ni sehemu tatu za udongo wa juu, mbili za samadi na moja ya mchanga, lakini usiukariri, maana udongo hutofautiana. Chukua konzi moja ya mchanganyiko wenye unyevu kidogo, uminye, kisha fungua kiganja. Ukibaki donge gumu, ongeza mchanga. Ukisambaratika papo hapo, mchanga umezidi. Unaofaa hubaki donge, lakini ukiligusa kwa kidole linavunjika. Samadi iwe imeoza kabisa. Mbichi huunguza mizizi michanga na kukuletea mbegu za magugu utakayong'oa mpaka uchoke.

Kuhusu mbegu nitasema machache. Za mwarobaini, embe na parachichi hazikai muda mrefu, zisie zikiwa bado mbichi, kabla hazijakauka. Za lusina na migunga mingi zina ganda gumu, zinahitaji maji ya moto kwanza, kisha kulowekwa. Na tarehe ya kusia ihesabiwe kwa kurudi nyuma kutoka siku ya kupanda shambani: nyanya huchukua wiki 4 hadi 6 kitaluni, miti mingi miezi 3 hadi 6. Kuna watu husia mvua zikishaanza kunyesha, halafu miche inakuwa tayari wakati ardhi imeshakauka.

Sasa nije kwenye hatua ninayoiona ya hatari kuliko zote: kuhamisha mche kutoka kwenye tuta la kusia kwenda kwenye kiriba. Hufanyika haraka haraka, tena mara nyingi na kibarua ambaye hakuna aliyemweleza kitu. Mwagilia tuta kwanza ili udongo ulegee. Mche ushikwe kwa jani, usishikwe kwa shina, kwa sababu jani likichanika litaota jingine ila shina likipondeka mche umekwisha. Toboa kwa kijiti shimo refu kuliko mzizi, ushushe mche, uuvute juu kidogo ili mzizi unyooke, ndipo ubane udongo pembeni. Mzizi ukiwa mrefu kupita kiriba, kata ncha yake. Usiukunje kamwe! Mzizi mkuu uliopinda siku hiyo hubaki umepinda, na mti unaweza kwenda miaka kadhaa ukionekana mzima kabla haujaanguka kwa upepo au kudumaa bila mkulima kujua sababu.

Tukirudi kwenye ule urefu unaosifiwa, mara nyingi chanzo chake kiko chini ya kiriba. Kiriba kikikaa sehemu moja muda mrefu, mzizi hutoboa kitako na kuzama ardhini, mche ukaanza kula udongo wa nje na kurefuka kwa kasi. Siku ya kuuzwa kinainuliwa, mzizi unakatika, na mche wenye majani tele unaondoka na vimizizi vichache visivyoweza kuyanywesha. Mnunuzi anafika nao, anapanda, unanyauka, analaumu jua. Dawa yake ni kuinua viriba mara kwa mara na kukata mizizi iliyochomoza, kisha kumwagilia vizuri siku hiyo. Mche utapunguza mwendo kidogo, lakini ndani ya kiriba mizizi itachipua mingi na kuushika udongo wote.

Maji nayo huua miche mingi kwa jina la huruma. Tuta lililosongamana, lenye kivuli kizito na unyevu usiokauka ndipo ugonjwa wa kinyausi unapoingia: shina linakonda na kuoza pale linapogusana na udongo, mche unalala. Sia kwa nafasi, pitisha hewa, na ukimwagilia jioni hakikisha majani yanawahi kukauka kabla ya usiku. Wiki 2 au 3 za mwisho punguza kivuli na maji kidogo kidogo, ili jua la shambani lisiwe jambo geni kwa mche.

Halafu chambua bila huruma. Mche uliopinda shingoni, uliodumaa, ambao mizizi yake imejizungusha ndani ya kiriba, utupe. Najua inauma, kila kimoja umekilipia kwa maji na jasho. Lakini ukimuuzia mtu, unampotezea misimu mizima ambayo hakuna wa kumrudishia.

Ndiyo maana nawaomba wenye vitalu wakubali jambo moja: mnunuzi akitaka kuona mizizi kabla hajalipa, chana kiriba kimoja mbele yake. Na wewe mnunuzi usione haya kuomba. Tafuta mzizi mkuu ulionyooka, vimizizi vingi vyeupe pembeni, na udongo unaobaki umeshikamana. Urefu uangalie mwisho.