Kadi ya Njano kwa Mgeni Rasmi

Bendi ya shule ninayofundisha hapa Tanga ina matarumbeta manne, tromboni moja, ngoma na matoazi. Wapigaji wapo tele, shida ni mazoezi. Mwambie mtoto ashike noti moja kwa mapigo 16 bila kuyumba, uone atakavyokumbuka ghafla kwamba mama alimtuma chumvi.

Nikabuni ligi. Nusu ya bendi nikaiita Coastal Union, nusu African Sports, maana Tanga hii ukizitaja timu hizo mbili za mpira hata bibi kizee atasogeza kigoda asikilize. (Tena si jambo geni. Enzi za ngoma ya beni, vikundi vya Marini na Arinoti vilitambiana kwa matarumbeta papa hapa pwani.) Mstari mzima bila kosa, goli. Ukikosea, zamu ya wapinzani. Ukichelewa, kadi ya njano, na adhabu yake ni ile noti moja, mapigo 16, mbele ya wote. Refa mimi: filimbi shingoni, kadi mfukoni. Kadi yenyewe niliikata kwenye boksi la sabuni.

Wiki 6 mambo yalikuwa moto. Kuna binti wa darasa la sita alikuwa akirudi kwao na duara jekundu mdomoni kwa kuling'ang'ania tarumbeta. Nikaanza kutembea kama kocha.

Ikafika siku ya mahafali. Mgeni rasmi alitarajiwa saa 4, na saa 6 ilipotimu hata vumbi la gari lake halijaonekana. Jua la Tanga mnalijua. Nikaona tupige wimbo wa taifa mara moja kupasha midomo. Nimeligeuzia geti mgongo, tuko mstari wa pili, nikasikia viatu nyuma yangu: ko, ko, ko. Nikajua tu ni kijana wa matoazi, mchelewaji sugu. Sikuwaza. Mkono ulishazoea. Filimbi pyeee! Kadi juu!

Nilipogeuka, kadi ilikuwa karibu kugusa pua ya mgeni rasmi. Nyuma yake, Mwalimu Mkuu kaachama, neno halitoki.

"Kadiii!" wakashangilia wale wa African Sports.

"Nimekosa nini, mwalimu?" akauliza mgeni.

Mate yalinikauka. Yule binti akanijibia, kwa adabu zote: "Shikamoo, mheshimiwa. Umechelewa. Adhabu ni noti moja, mapigo kumi na sita."

Niliiangalia ngoma kubwa, nikapima kama naenea ndani.

Mheshimiwa akavua koti. Akapokea tarumbeta, akalifuta kwa leso, akavuta pumzi mpaka tai ikainuka. Kilichotoka ni mlio wa mbuzi aliyekanyagwa mguu. Watoto wakahesabu kwa sauti: moja, mbili... kwenye tatu pumzi ikamwishia.

"VAR! VAR!" wakapiga kelele, wakichora kiboksi hewani kwa vidole kama refa anayetaka marudio ya video.

Mgeni alicheka mpaka akatafuta kiti. Mwalimu Mkuu hakucheka. Na kijana wa matoazi? Siku hiyo alikuwa wa kwanza kufika, kasimama mahali pake muda wote.

Jumatatu nikatakiwa kujieleza kwa maandishi. Nimeshaandika "YAH: KUMWONESHA MGENI RASMI KADI YA NJANO", chini yake nikaweka "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Sasa nimekwama. Kichwa cha habari kimeshasema yote.