Maziwa ya maji na faida isiyoonekana kwenye vitabu vya chuo

Aliyekulia kwenye nyumba ya kuuza maziwa anaujua uchungu huu, mama anaamka saa kumi usiku anakamua, anapeleka maziwa mazito kabisa, halafu jirani naye anakuja na ndoo aliyoijazia maji ya bomba na wote mnapimiwa lita, mnalipwa sawa. Basi wakulima wa jimbo la Wisconsin huko Marekani walikuwa na kesi hiyohiyo miaka ya 1880. Ngano ilishachosha ardhi, wadudu nao hawakuwaacha, watu wakahamia kwenye ng'ombe, na huko kila mjanja anaongeza maji au anaengua krimu kwanza.

Chuo kikuu cha jimbo pale Madison kilikuwa na mkemia, Stephen Babcock, analipwa mshahara wa kukaa labu. Mwaka 1890 akatoka na kipimo rahisi mpaka unacheka: maziwa kidogo kwenye chupa ya shingo nyembamba yenye namba, tia asidi, zungusha kwa kasi, ongeza maji ya moto, mafuta yanapanda shingoni, unasoma. Kwisha. Sasa unalipwa kwa mafuta na maji yako hayakuongezei hata senti, tena mfugaji akajua ng'ombe yupi anamlisha bure. Wisconsin ikawa jimbo la maziwa na mpaka leo kwa jibini ndio inaongoza Marekani nzima.

Na Babcock aligoma kuchukua hataza, ile haki ya kumiliki uvumbuzi na kuutoza hela. Yaani ukifungua vitabu vya hesabu vya chuo, kipimo kile kiliingiza sifuri, hela yote ilienda kwenye mabanda ya wafugaji na viwanda vya jibini. Ndo maana mi nikisikia mtu anasema utafiti ujilipe wenyewe nachoka kabisa, huyo anachungulia mfuko mmoja tu.

Sio kwamba mfuko wa chuo nao haujai. Februari 1933 mkulima mmoja aliendesha karibu kilomita 300 kwenye dhoruba ya theluji na ndama jike aliyekufa, mzigo wa majani yaliyooza na kopo la damu isiyoganda, akaishia kwenye labu ya Karl Paul Link chuoni hapohapo. Ilichukua miaka, lakini kile kitu cha kwenye majani yale kilichozuia damu isigande kikazaa sumu ya panya na baadaye dawa ya kuzuia damu kuganda, Rais Eisenhower alipewa mwaka 1955 alipougua moyo. Warfarin. Hizo herufi nne za mwanzo ni WARF, mfuko uliofunguliwa 1925 kusimamia hataza za chuo hicho na kurudisha faida kwenye utafiti. Kidonge hichohicho shangazi yangu anameza kila jioni, nilivyomwambia kilianzia kwa ng'ombe akaniangalia kama nimechanganyikiwa.

Huku kwetu nchi za Afrika zilishakubaliana asilimia 1 ya pato la taifa iende kwenye utafiti, na nyingi hazijafika. Wakati uwezo upo, nenda pale chuo kikuu cha Sokoine, Morogoro, uone panya wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na TB. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapa Tanzania, akaenda kusafisha mashamba ya Kambodia, 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza. Hebu fikiria mtu anasimama mbele ya kamati ya bajeti kuomba hela ya kufundisha panya, si wangemcheka mpaka atoke nje? Hela ya kuanzia ile kazi ilitoka Ubelgiji.