Pachi ya mistari mitatu ndo ya kuisoma kwa jicho kali

Nyie wenzangu wa Unguja na Pemba mnaochezea keneli ya Linux (ule moyo wa mfumo unaoendesha kompyuta), pachi, yaani marekebisho ya kodi, inayogusa anwani za memori kwenye draiva (programu inayoiendesha kadi) ya kadi ya mtandao msiipitishe kwa sababu tu ping, kile kipimo cha kuona mtandao unajibu, inajibu. Ping haithibitishi kitu hapo.

Kadi haimsubiri prosesa abebe kila pakiti, draiva inaipa anwani ya bafa, yaani sehemu ya memori iliyotengewa data, nayo kadi inaandika yenyewe moja kwa moja kwenye RAM, ndo hiyo DMA, sasa anwani ile aina yake ni dma_addr_t na mara nyingi ina biti 64, halafu mtu anakuja anaihifadhi kwenye u32, namba ya biti 32 tu, eti inatosha, na kompaila (inayogeuza kodi kuwa programu) kwa kawaida inanyamaza. Biti 32 mwisho wake GB 4. Anwani ikizidi hapo biti za juu zinakatwa, ni kama mzigo wa Michenzani uliofutwa namba ya jumba ikabaki ya fleti tu, utagongwa mlango kweli lakini wa watu wengine. Na linaloniuma khasa, mashine haifi pale pale, inaharibu data ya programu nyengine kimya kimya, inakuja kuanguka baadae lawama unapewa umeme.

Tena wengi tunajaribia kwenye kompyuta za mtumba za GB 2, hapo hiyo hitilafu huioni ng'o mpaka draiva iende kwenye seva ya GB 16! Kwa hivyo muulize mwenye pachi, umeijaribu kwenye RAM zaidi ya GB 4? IOMMU, ile sehemu ya mashine inayotafsiri anwani baina ya kadi na memori, uliizima? Mana ikiwa imewashwa inaweza kuipa kadi anwani za chini hata kama bafa yenyewe iko juu, kosa likajificha. Halafu tazama kila dma_map_single (inayoipatia bafa anwani ya kadi) kama inafuatwa na dma_mapping_error (inayokagua kama imefaulu), hii watu wanairuka mno. Na CONFIG_DMA_API_DEBUG, ukaguzi wa DMA ulomo ndani ya keneli, iwashwe, keneli yenyewe itapiga kelele.

Najua vijana wetu wakiulizwa masuali mengi wanahisi wanadharauliwa, wallahi si dharau, mistari michache hii ndo inayoamua kadi iandike wapi. Basi hiyo u32 irudi kwa mwenyewe, aifanye dma_addr_t, aigawe nusu ya chini na ya juu kwa lower_32_bits na upper_32_bits pale tu anapoijaza kwenye diskripta ya kadi (rekodi inayoiambia kadi bafa iko wapi), aijaribu tena kwenye mashine kubwa, ndo nitie Reviewed-by yangu, yaani saini ya kuwa nimeikagua.