Laivu ni baraza, na baraza ina mwenyewe

Matusi mengi kwenye laivu za huku kwetu Zanzibar, yale matangazo ya moja kwa moja ya mtandaoni, hayakuzwi na mtukanaji. Huyakuza mwenye laivu. Muuza madira wa Darajani anaonesha mzigo mpya, watazamaji 80, mara inapita komenti: "Dira hilo si ulilovaa harusini?" Ingekaa sekunde chache ikasukumwa juu na nyengine. Yeye anaacha dira, anaisoma kwa sauti, anauliza, "Nani wewe?" Sasa wote 80 wameisikia, na aliyeandika kapata alichokijia. Bei haiulizwi tena.

Utaambiwa uweke kichujio cha maneno, kinachoficha komenti yenye neno ulilolikataza. Weka, lakini ujue kilivyo. Vichujio vingi hushika neno kama lilivyoandikwa, na neno la Kiswahili halitulii. Ukiweka "mjinga" peke yake, "wajinga", "ujinga" na "kijinga" hupita, na mwenye hila ataandika "mj1nga". Kila tusi liingizwe kwa sura zake tano au sita, umoja na wingi.

Kisha kuna kisichochujika: kijembe. Mji uliolelewa na taarabu na maneno ya kanga unajua kumchoma mtu bila ya kutaja jina wala tusi. "Wengine hata mapambo ya kuazima" haina neno baya hata moja, na mtaa mzima umeshamjua anayesemwa. Ndiyo maana modereta, msaidizi wa kufuta komenti na kunyamazisha watu, awe mtu, tena wa hapa hapa, anayejua nani hasemezani na nani. Wawili wanatosha kuanzia. Asiwe dada yako, dada atajibu.

Aliyepandwa na jazba anyamazishwe dakika chache, mara nyingi hurudi amepoa. Anayegusa mwili wa mtu, mzazi wake, au Upemba na Uunguja wake, abulokiwe bila ya mjadala. Kwanza ipigwe skrinishoti yenye jina la akaunti, tarehe na saa, maana ukishabuloki kumtafuta tena ni kazi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Zanzibar pia, na kifungu cha 23 kinamwekea anayesumbua wenzake mtandaoni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Polisi uende na picha, si na masimulizi.

Ile mipambano ya dakika 5 ya TikTok, wenye laivu wawili wakishindania zawadi za watazamaji, mimi siipingi. Makunduchi kila Julai, siku ya Mwaka Kogwa, watu hupigana kwa migomba wakatoa yaliyomo moyoni. Lakini ni migomba, si marungu, na pigano lina mwisho. Wapambanaji wakubaliane kabla ya kuanza kwamba watoto, ndoa na maradhi havitajwi. Wasipokubaliana, mtazamaji mwenye ua la sarafu 1, zawadi ndogo kabisa, ndiye atakayewachochea.

Dakika za mwanzo zisiwe za kuuza. Ziwe za salamu, tena kwa majina: aliyesalimiwa kwa jina huona haya kutukana. Saa 4 za usiku hapa, Maskati ni saa 5, na kuna watu kule wamefungua simu kusikia lafudhi ya nyumbani tu. Akiandika mmoja, "Wete mvua imenyesha?", ajibiwe kabla ya anayeuliza bei ya dira.