Kwao kuna kichaa?

Posa ya mpwa wangu ilivunjikia hapo. Washenga walikuja Newala, wakaketi uwanjani chini ya mkorosho, mazungumzo yakaenda vizuri mpaka mzee mmoja akashusha kikombe: "Na yule anayezungumza peke yake kule jikoni, ni tumbo moja na mama wa binti?" Mimi ndiye mjomba, na kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno. Nikajibu ndiyo. Wiki haikuisha tukaletewa salamu kwamba kijana bado anajipanga. Kwa lugha ya posa, kujipanga ni hapana.

Hofu yao haikutoka hewani. Skizofrenia, ugonjwa wa akili alionao huyo mdogo wetu wa jikoni, hufuata ukoo, hilo halina ubishi. Ila pacha wa kufanana wana jeni, yaani vinasaba, zile zile, na bado mmoja akiugua, mwenzake mara nyingi haugui. Katika tafiti nyingi uwezekano haufiki nusu. Damu ingekuwa ndiyo kila kitu, wangeugua wote.

Mkulima wa korosho haya anayajua. Nina mikorosho miwili ya kubebeshwa, vikonyo vya mti mama mmoja. Mmoja ulishika mvua mapema. Wa pili mbuzi waliutafuna mara mbili ukiwa haujafika goti. Leo mmoja ni kivuli cha watu kumi, mwingine umepinda kama mzee wa mgongo. Jirani akipita husema nilipanda mbegu mbaya.

Mwaka 2004 kundi la mwanasayansi Michael Meaney, Montreal, Kanada, lilieleza habari za panya. Vitoto vilivyolambwa sana na mama katika siku za mwanzo vilikua vitulivu. Vya mama mvivu wa kulamba vilikua na wasiwasi. Ukivibadilisha mama, vinafuata mlezi. Jeni zao zenyewe hazikubadilika, ila alama za kemikali zilizozibana au kuziachia. Binadamu si panya, sawa. Lakini Uholanzi, watoto waliotungwa mimba katika makali ya njaa ya 1944 hadi 1945 walikuja kuugua skizofrenia karibu mara mbili ya wenzao. Hao hata kuzaliwa walikuwa bado.

Wanasayansi nao waliwahi kukimbilia jibu rahisi. Mwaka 2003 utafiti wa New Zealand ulitaja jeni moja ambayo, ikikutana na maisha magumu, huleta sonona. Tafiti kubwa zaidi zilizofuata hazikuiona nguvu hiyo. Sasa tunajua vinasaba vinavyohusika ni mamia, kila kimoja kinasukuma kidogo tu, na vimetapakaa kwa watu wote, akiwemo yule mzee wa kikombe.

Alichotakiwa kuuliza ni hiki: huyu alilelewa wapi? Ningemjibu. Mama alipofariki, mimi na dada tulibaki kwa bibi. Mdogo wetu, miaka sita, alichukuliwa na ndugu wa mjini "akasome". Alichota maji, alilala sakafuni jikoni, alipigwa. Aliporudi akiwa na kumi na mbili alikuwa anashtuka mlango ukifungwa. Siapi kwamba angebaki kwa bibi asingeugua. Nachosema ni kwamba sisi watatu ni tumbo moja, na ni yeye tu aliyepelekwa.

Siku hizi anachoma sindano yake kila mwezi, anabangua korosho kuliko sisi wote. Uwanja ule waliokalia washenga aliufagia yeye, tangu alfajiri. Mpaka leo ananiuliza wageni wanarudi lini.