Kipindi cha viungo: mtoto atoke jasho au afundishwe?

Mpe mtoto wa miaka saba kipira, mwambie akitupe mbali kadiri awezavyo. Kama hajafundishwa, mara nyingi atasimama kifua mbele, miguu imeganda, na mkono utakisukuma kipira kutoka begani. Akipiga hatua, mguu unaotangulia ni wa upande uleule wa mkono unaotupa. Kipira kinaangukia karibu. Aliyefundishwa husimama ubavu, hutanguliza mguu wa upande wa pili, kiuno huzunguka kabla ya bega, na mkono huja mwisho kama mjeledi. Watoto hawa wawili wanaweza kuwa na nguvu sawasawa. Mmoja tu ndiye aliyepata mtu wa kumwonyesha na nafasi ya kurudia.

Naanza na kipira kwa sababu mjadala wa elimu ya viungo siku hizi umehamia kwenye dakika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za kumchangamsha mwili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya takwimu za nchi 146, ulionyesha kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia kiwango hicho mwaka 2016. Wasichana asilimia 85, wavulana asilimia 78. Kwa hiyo wapo wanaosema kipindi cha viungo kisipotezwe kwa maelezo: watoto wakimbie, moyo udunde, na angalau nusu ya muda iwe ya kuhema.

Hoja yao si ya kubeza. Nimeona vipindi ambavyo mwalimu anazungumza robo saa, kisha watoto thelathini wanapangwa foleni nyuma ya mpira mmoja. Anayefika mbele anaupiga mara moja, anarudi mkiani, anasubiri. Hapo hajajifunza wala hajatoka jasho.

Lakini fanya hesabu. Shule yenye vipindi viwili vya dakika 40 kwa wiki ina dakika 80, na mtoto anahitaji 420. Hata wakikimbia bila kupumzika tangu kengele ya kuingia hadi ya kutoka, hawafiki hata robo. Mazoezi mengi ya mtoto yatapatikana nje ya kipindi, na huko ataenda kwa hiari yake ikiwa mwili wake unajua la kufanya. Ndiyo maana mimi naegemea upande wa kufundisha.

Upande wa pili hunijibu kwamba watoto hujifunza wenyewe wakicheza. Kwa kukimbia na kuparamia vitu, sawa. Kwa kutupa, kudaka, kupiga mpira kwa kigongo au kuruka kwa mguu mmoja kwa mdundo, la. Tafiti zilizolinganisha watoto waliofundishwa na walioachwa wacheze tu zimeonyesha mara kwa mara kwamba waliofundishwa huwaacha wenzao mbali, na walioachiwa wenyewe husogea kidogo sana. Kukua peke yake hakuleti stadi hizi.

Kukosa stadi nako kuna gharama. Mwaka 1980 Vern Seefeldt, mtaalamu wa Marekani, aliandika kuhusu kizingiti ambacho mtoto asiye na stadi za msingi hukwama hapo, asiweze kuingia kwenye michezo ya wakubwa. Mwaka 2008 kundi la watafiti likiongozwa na David Stodden lilieleza jambo ambalo kila mzazi amewahi kuliona bila kulipa jina. Mtoto mdogo hujiona hodari hata akikosa kudaka mara kumi. Anacheka, anajaribu tena. Akikaribia miaka tisa au kumi anaanza kujilinganisha na wenzake na kuupata ukweli. Aliye na stadi anazidi kucheza, na kwa kucheza anazidi kuwa hodari. Asiye nazo anajitoa polepole, leo kichwa kinauma, kesho kasahau viatu. Miaka ile ya mwanzo, mtoto bado hana aibu, ni mali isiyorudi, na inaniuma kuona madarasa ya chini ndiyo yanayopewa kipindi cha kupitisha muda.

Maarifa nayo? Watoto wengi huamini jasho ni mafuta yanayoyeyuka, au kwamba mwembamba ndiye mwenye afya. Wanaopinga wanasema kujua hakumfanyi mtu atende, na ni kweli: maarifa yanayoandikwa ubaoni huishia kwenye mtihani. Ila mwache mtoto aweke vidole viwili shingoni, ahesabu mapigo kwa sekunde 15 na kuzidisha mara nne, aruke kamba dakika mbili, kisha ahesabu tena. Arudie baada ya wiki kadhaa za mazoezi, aone jinsi moyo unavyotulia mapema. Hilo amelijua kwa mwili wake.

Kupima uwezo wa miili ya watoto ni suala jingine. Miaka ya 1950 vipimo vya daktari Hans Kraus na wenzake vilionyesha zaidi ya nusu ya watoto wa Marekani wakishindwa mazoezi mepesi ya nguvu na mnyumbuko, huko Ulaya wakishindwa chini ya mmoja kati ya kumi. Rais Eisenhower wa nchi hiyo akaunda baraza la siha ya vijana mwaka 1956, na mwaka 1966 ikaja tuzo ya rais kwa waliopita asilimia 85 ya wenzao. Kupima si kosa. Kumpima mtoto mbele ya darasa zima ili ajulikane wa mwisho ndilo kosa. Mpango ule wa vipimo na tuzo ulibadilishwa mwaka 2012, kisha mwaka 2025 Rais Trump akaamuru urejeshwe.

Kuhusu hofu kwamba viungo vitakula muda wa hisabati, jaribio la Trois-Rivières huko Kanada, miaka ya 1970, liliwapa watoto saa tano za ziada kwa wiki zilizokatwa kwenye masomo mengine. Alama zao hazikushuka.

Sehemu kubwa ya ugomvi huu ungeisha kwa kuongeza mipira, hata ya soksi zilizokunjwa. Kila mtoto akiwa na wake, mitupo hamsini ni mafunzo na ni jasho kwa pamoja, na mwalimu anapita akisema neno moja tu, “ubavu”, au “mguu mwingine”. Anayekuja kukagua kipindi aiache saa mfukoni. Amchague mtoto mnyonge kuliko wote, ahesabu ameugusa mpira mara ngapi.